Gavana Asiyefukuzika: Kisa cha Mwanafunzi Mmoja na Somo la Serikali ya Marekani

Lilikuwa swali la 4 katika mtihani wa katikati ya muhula, na lilibeba alama 20. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliwatumia askari wa Ulinzi wa Taifa wa jimbo lake kuwazuia wanafunzi 9 Weusi wasiingie shule ya Central High mjini Little Rock, ingawa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ilikwisha kuamuru wapokewe. Eleza Rais Eisenhower alikuwa na uwezo gani kisheria.

Kijana alijibu kwa mistari minne ya Kiingereza kilichonyooka: Rais alimfukuza gavana, akamweka mwanajeshi mahali pake mpaka hali itulie.

Alipewa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo iliyonifikisha kwake. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na wakati huo, muhula wa vuli wa 2024, nilikuwa mkalimani na msaidizi wa darasa katika shule moja ya sekondari huko Texas. Shule siitaji, wala kijana simtaji jina. Itoshe kusema wazazi wake walitoka Fizi, Kivu Kusini, yeye akazaliwa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na familia ikafika Texas mwaka 2019 akiwa na miaka 12. Sasa alikuwa na 17, darasa la 12, ambalo ni la mwisho. Kule somo la serikali ya Marekani ni la nusu mwaka, na asiyelifaulu hapati cheti cha kumaliza shule.

Mwalimu wa somo alikuwa na jibu lake tayari: tatizo ni Kiingereza. Alipendekeza kijana arudishwe kwenye kundi la wanaosaidiwa lugha. Nikaomba nione karatasi yote kwanza.

Nilipoisoma, hoja ya Kiingereza ikaanza kunipa shaka. Kijana alikuwa amekosa maswali mengine matatu. Nani huamua mtaala wa shule za Texas? Aliandika Wizara ya Elimu, Washington. Nani huendesha uchaguzi wa rais? Tume ya uchaguzi ya taifa. Nani ana mamlaka ya kutoa leseni za biashara na za udereva? Serikali kuu. Mtu asiyeelewa lugha hukosea ovyo, mara huku mara kule. Huyu alikosea kwa mpango. Kila jibu lilipanda juu, likaenda kukaa kwa mkubwa mmoja. Sentensi zake zilikuwa timamu, isipokuwa zilieleza nchi nyingine.

Nikamwita wakati wa chakula cha mchana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hili la gavana kufukuzwa umelisoma wapi?"

Akanitazama kama ninayemtania. "Sijalisoma. Si ndivyo inavyokuwa? Goma walifanya hivyo. Mjomba wangu yuko kule."

Alikuwa sahihi kabisa kuhusu Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini nchini Kongo. Mwezi wa Mei 2021 Rais Tshisekedi alitangaza utawala wa kijeshi katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Magavana wa kiraia wakawekwa pembeni, wanajeshi wakashika nafasi zao, na maofisa wa polisi wakawa manaibu. Kijana alikuwa na miaka 14, anasikiliza sauti za WhatsApp za mjomba wake jioni baada ya shule. Lile jibu la mistari minne lilikuwa habari ya kweli, ila imebandikwa kwenye nchi isiyo yake.

Na nyuma ya Goma kulikuwa na Nyarugusu. Aliniambia kwamba mpaka anaondoka kule, serikali kwake ilikuwa mtu mmoja: mkuu wa kambi, aliyewekwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukitaka kutoka kambini unaomba kibali. Soko likifungwa, limefungwa. Ugomvi wa kiwanja, mgao wa chakula, mkutano wa kanisa, vyote mwisho wake ni ofisi ileile. "Mtu akisema serikali imesema," akaniambia, "hapo mazungumzo yamekwisha." Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunaijua sentensi hiyo, hata bila kukanyaga kambini.

Hapo ikanibidi nikiri kosa langu mwenyewe. Wiki ya pili ya muhula mwalimu aliniomba orodha ya maneno ya somo kwa Kiswahili, na mimi kwa haraka nikaandika "state" ni jimbo, "government" ni serikali, "secretary" ni waziri, "judge" ni jaji. Nikajiona nimefanya kazi. Kumbe nilimkabidhi kijana ramani ya Kongo nikaiandika juu "Marekani".

Tulitazame hilo jimbo. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge, si zaidi. Kwa Mkenya mwenye umri neno linaamsha ule mjadala wa majimbo wa wakati wa uhuru, katiba ya 1963 iliyogawa madaraka na kufutwa kabla haijaota mizizi. Huyo angekaribia kuelewa. Kwa Mkongo jimbo ni Kivu Kusini, Tanganyika, Ituri: sehemu ambayo nchi imejikata yenyewe, na inaweza kujikata upya, kama ilivyofanya mwaka 2015 majimbo yalipotoka 11 yakawa 26. Kijana aliposoma orodha yangu alielewa kwamba Texas ni kipande cha Marekani kama Kivu ilivyo kipande cha Kongo. Hakumbuki mtu kumwambia kwamba majimbo 13 ya kwanza yalikuwapo kabla ya Katiba, kwamba ni wajumbe wa majimbo 12 kati ya hayo walioketi Philadelphia mwaka 1787, na kwamba shirikisho ndilo lililotengenezwa na majimbo. Marekebisho ya 10, ya mwaka 1791, yanasema madaraka ambayo Katiba haikuyakabidhi kwa shirikisho wala kuyakataza kwa majimbo yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Hayo yote yalikuwa kwenye kitabu chake. Alikiri pia, bila kusukumwa, kwamba kurasa zile hakuzisoma, kwa kuwa jioni alikuwa akipanga bidhaa kwenye duka la vyakula hadi saa nne usiku. Kwa hiyo mwalimu naye hakukosa hoja yote.

Jaji naye alinitia aibu. Kule Texas kiongozi wa kaunti huitwa jaji, na baraza lake linaitwa mahakama ya makamishna, ingawa halihukumu mtu: linapitisha bajeti na kutengeneza barabara. Kijana alikuwa ameandika katika zoezi moja kwamba majaji wa kesi ndio hupanga kodi ya kaunti, akakatwa alama. Hilo mimi ndiye niliyemponza.

Nilikwenda kwao Jumamosi. Mama alikuwa jikoni, sombe inachemka, na simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi ikisoma maswali kwa Kiingereza. Naye alikuwa na mtihani. Mkimbizi akikaa Marekani miaka mitano anaweza kuomba uraia, na wakati ule orodha ilikuwa ya maswali 100: ofisa anakuuliza hadi 10, ukipata 6 umepita. (Tangu Oktoba 2025 waombaji wapya wana orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na wanatakiwa kupata 12.) Kulikuwa na jambo la ziada lililomkosesha usingizi. Mwanawe angetimiza miaka 18 mwezi Machi 2025. Mama akila kiapo kabla ya siku hiyo, mtoto mwenye ukazi wa kudumu anayeishi naye anakuwa raia papo hapo kwa sheria, bila mtihani wala kiapo. Siku hiyo ikipita, kijana anaanza safari yake mwenyewe.

Simu ikauliza: taja mamlaka moja ya majimbo. Mama akajibu bila kugeuka, kwa Kiingereza cha kukariri: kutoa leseni ya udereva. Halafu akaja mezani, akafuta mikono kwa kitenge.

"Mwalimu, mimi hii najibu tu kama kasuku. Leseni yangu wameandika Texas. Kwa nini hawakuandika Amerika?"

Akaitoa kwenye pochi, akaiweka juu ya kitambaa cha plastiki. Kando yake nikamwomba aweke grini kadi, ile ya ukazi wa kudumu. Kadi mbili, picha ileile ya mama mwenye uso wa kukunja, zinakaribia kulingana ukubwa. Juu ya moja limeandikwa jina la Texas, juu ya nyingine jina la Marekani. Kijana akasogeza kiti.

Nikamwambia achukue grini kadi. Nani alimpa mama hii? Washington. Gavana wa Texas anaweza kuifuta? Akafikiri. Hapana. Haya, chukua leseni. Nani kaitoa? Texas. Rais anaweza kuifuta?

Alinyamaza muda. Mama akasema, "Sema."

"Hawezi?"

"Hawezi. Mama akivunja sheria za barabarani, kesi iko Texas. Rais hana ofisi ya leseni."

"Hata akitaka?"

"Hata akitaka."

Sidhani kama kuna ukurasa wowote wa kitabu kile ungefanya kazi ya kadi zile mbili. Akaanza mwenyewe kutafuta karatasi nyingine ndani ya droo. Bili ya maji: jiji. Barua ya basi la shule: wilaya ya shule, ambayo ina bodi yake na kodi yake ya nyumba na ardhi. Kisha akatoa kadi ya msaada wa chakula, iliyochorwa bendera ya Texas yenye nyota moja, akasema kwa uhakika: hii ya Texas. Hapo nikafurahi, maana ndipo penye utamu. Fedha ya chakula kile hutoka Washington, na masharti makubwa huwekwa na Bunge la Marekani; Texas inapokea maombi, inachunguza familia, inatoa kadi na kuipaka nyota yake. Serikali mbili ndani ya plastiki moja. Akaweka kadi ile katikati ya meza, baina ya mafungu mawili.

Ndipo tukarudi Little Rock.

Nilimwuliza: askari wale wa Arkansas, mkuu wao ni nani? Siku za kawaida ni gavana. Lakini Katiba na sheria za Bunge zinamruhusu rais kuwaita askari hao katika utumishi wa shirikisho, na wakiitwa, gavana hana amri juu yao tena. Tarehe 24 Septemba 1957 Eisenhower alitia saini amri namba 10730. Askari wa Faubus wakageuka askari wa Eisenhower, sare ileile, buti zilezile. Siku hiyohiyo kikosi cha 101 cha askari wa miamvuli, watu wapatao 1,000, kikatumwa mjini, na asubuhi ya tarehe 25 wale wanafunzi 9 wakapandishwa ngazi za shule katikati ya bunduki.

"Na gavana?"

"Alibaki gavana."

"Baada ya kumkatalia rais?"

"Mwaka uliofuata akachaguliwa tena. Akafunga shule za sekondari za mji mzima mwaka wa masomo 1958 hadi 1959 ili wasisome pamoja. Aliondoka Januari 1967, kwa kuwa hakugombea tena."

Kijana alichukia. Alichukia kweli, akasukuma kiti nyuma. Kwake ilikuwa ajabu kwamba mtu aliyewazuia watoto Weusi kwa bunduki aliachwa na ofisi yake karibu miaka 10. Nikaona nisiipambe habari. Mfumo uliomzuia rais asimfukuze gavana ndio uliompa gavana nafasi ya kuwafungia wale watoto mlango. Walioweza kumwondoa Faubus walikuwa wapigakura wa Arkansas, waliokuwa wakichagua gavana kila miaka miwili, au Bunge la Arkansas kwa kumshtaki. Texas yenyewe ilifanya hivyo mwaka 1917: Baraza la Wawakilishi la Texas lilimshtaki Gavana James Ferguson, Seneti ya Texas ikamhukumu na kumwondoa. Washington haikutia mkono.

Akauliza swali ambalo mwalimu angelipenda: kama gavana ana kwake na rais ana kwake, kwa nini Faubus alilazimika kuitii mahakama? Kwa sababu haki ya wale watoto ilitoka kwenye Katiba ya Marekani, nikamjibu, na kifungu cha 6 kinasema Katiba hiyo na sheria zinazotokana nayo ziko juu ya sheria za jimbo. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 1954 kwamba kutenganisha shule kwa rangi kunavunja Katiba, na mwaka 1958, katika kesi iliyotoka Little Rock hiyohiyo, ikasema wazi kwamba gavana na bunge la jimbo wanafungwa na uamuzi huo. Kwa hiyo rais hakuwa na uwezo juu ya kiti cha gavana, ila alikuwa na wajibu wa kuhakikisha amri ya mahakama inatekelezwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa jibu la swali la 4.

Nilidhani tumemaliza. Nikajisahau, nikasema sentensi moja ya kujionyesha: kumbuka, kijana, Marekani madaraka hayashuki kutoka juu.

Akafungua simu. "Na Houston je?"

Mwezi Juni 2023 jimbo la Texas lilichukua uendeshaji wa wilaya ya shule ya Houston, iliyo kubwa kuliko zote Texas. Bodi ya watu 9 waliochaguliwa na wananchi ikawekwa kando, na idara ya elimu ya jimbo ikateua mameneja na mkuu mpya wa wilaya nzima. "Hawa walichaguliwa," akasema kijana, "wakaondolewa na mkubwa, wakawekwa wengine. Hiyo si Goma?"

Nilikaa kimya kidogo, maana alikuwa amenishika. Sentensi yangu ilikuwa nusu kweli. Kati ya Washington na jimbo, madaraka yamegawanywa na Katiba, hakuna anayeweza kumfuta mwenzake. Lakini ndani ya jimbo habari ni nyingine. Kaunti, jiji na wilaya ya shule ni watoto wa jimbo; Katiba ya Marekani haizitaji. Jimbo limeziumba kwa sheria zake, na kwa sheria hizohizo linaweza kuzibana, kuziunganisha au kuziwekea msimamizi. Texas ikiikabili Washington hudai uhuru wake, na ikiigeukia Houston huwa mkuu wa kambi. Neno hilo la mwisho ni la kijana, mimi nimelinukuu tu.

Kwa maoni yangu swali lake la Houston lilikuwa zito kuliko mtihani mzima. Hakuuliza kwa kuwa amekariri sura ya kitabu. Alikuwa na kipimo chake mkononi, Goma na Nyarugusu, akaanza kukipitisha juu ya kila ofisi ili aone panapolingana na pasipolingana. Kile tulichokiita udhaifu wake ndicho kilichokuwa kipimo.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu na karatasi ile. Sikumwomba amwongezee alama, kwani jibu lilikuwa kosa na sifuri ilikuwa halali. Nilimweleza habari ya Kivu Kaskazini na Ituri. Alikuwa hajaisikia. Akasoma upya ile mistari minne, taratibu, kisha akasema atampa kijana nafasi ya kuandika tena, na lile wazo la kumrudisha kwenye kundi la lugha likafa bila mtu kulizika. Mimi nikaandika upya orodha yangu. Kwenye "state" nikaacha neno jimbo, kwa kuwa ndilo tulilo nalo, ila chini yake nikaongeza mistari mitatu ya maelezo. Kwenye "judge" nikaandika: uliza kwanza ni yupi.

Jibu la pili la kijana lilijaza ukurasa na nusu. Alianza na askari wenye mabwana wawili, akaeleza amri ya mahakama, akamalizia kwa sentensi kwamba Rais hakumfukuza gavana kwa sababu hakumwajiri. Alipata 17. Alama tatu alikatwa kwa kuandika kwamba kikosi cha 101 kilitoka Arkansas. Kilitoka Fort Campbell, Kentucky.

Mama aliitwa kwenye mahojiano Januari 2025. Ofisa alimwuliza maswali sita, akayapata yote sita, akaambiwa basi inatosha. Nadhani alisikitika kidogo, maana la leseni ya udereva halikuulizwa. Kiapo kilikuwa mwishoni mwa Februari, ukumbini, kijana ameketi viti vya nyuma na kitenge cha mama mapajani. Mama alipoinua mkono, watu wawili wakawa raia, mmoja wao akiwa amenyamaza.

Wiki ya pili ya Machi kijana alinipigia simu. Alikuwa amekwenda kuomba pasipoti ya Marekani, na aliyepokea fomu zake, akahakiki vyeti na kumwapisha kwamba anasema kweli, alikuwa karani kwenye jengo la mahakama la kaunti.

"Mwalimu," akasema, "ile meza yetu hainitoshi. Hii naiweka fungu gani?"